Njia ya Majini katika Wasia wa Bonareri

Bonareri ana miaka sabini na minane, na ukimwona akichuma chai hapa Ekerenyo utadhani anashindana na mtu. Mimi ni jirani yake. Nachota maji kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba lake, kama kijiji kizima: Waadventista, Wakatoliki, hata wale wasiomwamkia. Hajawahi kumfukuza mtu.

Mwaka jana mwanawe mkubwa, Abner, alinunua seng'enge. Alitaka kuifunga njia ya kuteremkia majini apande migomba. Najua mashamba yetu yamekuwa membamba, lakini siku hiyo, Mungu anisamehe, nilimwombea aumwe na jino.

Bonareri hakugombana. Alivaa gauni lake la Sabato siku ya Jumanne, akaniambia nimsindikize Kisii mjini kwa wakili Ochanda. Huko aligawa shamba sawasawa kwa watoto wake watatu, binti akiwemo. Kisha akataka iandikwe kwamba njia ni ya kila mwenye kiu, na asiulizwe mtu kanisa wala ukoo.

"Na watoto wakikataa baadaye, Mama?" Ochanda aliuliza.

"Basi andika mimi nizikwe pale pale, kando ya njia. Nione nani atafunga seng'enge juu ya mama yake."

Ochanda aliweka kalamu chini. Kwetu mke huzikwa nyumbani, karibu na mumewe, na Bonareri alimpenda mzee wake bila kuona haya. Miaka kumi na moja sasa anapalilia kaburi lake na kumpasha habari za mtaa. Alipomaliza kusema alipangusa macho kwa ncha ya leso. Nami nililia, sikuweza kujizuia.

Jumapili aliwaita watoto, akamtuma binti yake awasomee nakala ya wasia. Kusikia mahali pa kaburi, Abner aliruka kutoka kitini.

"Mama, baba abaki peke yake? Watu watasema sisi tumekufukuza nyumbani!"

"Na watakuwa wamesema kweli," Bonareri alijibu, akimwongezea uji.

Abner aliuacha uji ule. Siku tatu hatukumwona. Ya nne nilimkuta bondeni na panga na kamba, akipanda miche ya ua wa mpaka pande zote mbili za njia. Seng'enge aliizungushia migomba yake tu. Jioni alipanda kwa mama yake, jasho likimtoka.

"Njia nimepima, Mama. Sisi wote watatu tutatia sahihi kwamba haitafungwa. Tafadhali rudi kwa baba."

Bonareri aliinuka. Aliteremka, akapita katikati ya ile miche amenyoosha mikono yote miwili. Haikugusa mche hata mmoja.

Kesho yake tulikuwa tena mbele ya Ochanda.

"Futa pale pa kaburi," Bonareri alisema, akicheka kama msichana. "Mimi naenda kulala na mzee wangu."