Mwaka Tuliokunywa Chai Chungu

Majuzi nilipita Kibokoni baada ya swala ya alasiri, na katika kichochoro kimoja harufu ya shira ikanisimamisha. Mtu alikuwa akichemsha sukari na iliki nyuma ya dirisha la mbao, na sukari yenyewe ilikuwa imefika pale inapoanza kunata. Nilisimama kama aliyesahau alikokuwa akienda, mpaka tuktuk ikanipigia honi nikajibanza ukutani. Nikwambieni kwa nini harufu hiyo, inayowafurahisha wengine wote, mimi hunitia wasiwasi hadi leo.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa nyumba ya ghorofa karibu na bandari ya kale. Juu tulilala mimi, Baba na Mama. Chini alilala Nyanya, mamake Baba, kwa sababu magoti yake hayakupatana na ngazi. Baba alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo huko Kilindini, mtu mnene mwenye kicheko kilichofika nyumbani kabla ya mwenyewe. Nyanya alikuwa fundi wa vitu vitamu. Kaimati zake zilizochovywa katika shira ziling'aa kama zimepakwa vanishi, na watu walikuja na vibakuli vyao kuziomba. Chai isiyojaa sukari aliiita maji ya kuoshea vikombe.

Mwaka ule Baba alishikwa na kiu. Alikunywa maji akiwa amesimama, jagi zima, kisha akarudi kulijaza. Nguo zikaanza kumpwaya. Kiatu kikamchubua kidole cha mguu, na ule mchubuko mdogo, ambao kwangu mimi ungekauka kabla ya Ijumaa, ukakataa katakata kupona. Na katika choo chetu cha juu wakaja sisimizi.

Mimi niliwapenda wale sisimizi. Walitoka katika ufa wa sakafu, wakajipanga safu nyembamba mpaka kwenye tundu, na walikuwa wengi zaidi Baba akitoka. Nilichuchumaa nikawatazama kwa muda mrefu, nikawapa majina ya walimu wangu. Siku moja nilimwita Mama aje amwone mwalimu wa hesabu alivyobeba mwenzake. Mama alikuja na ndoo ya maji tayari kumwaga. Hakumwaga. Alisimama na ile ndoo mkononi, akatazama pale mstari ulipoishia, kisha akaniambia nikanawe.

Keshoye alimtoa Baba kazini wakaenda hospitali. Waliporudi, Mama aliingia jikoni bila hata kuvua buibui. Alilichukua kopo la sukari, akachukua na ule mfuko wa akiba uliokuwa juu ya kabati, akampelekea jirani. Aliporudi alisema, akiwa bado mlangoni:

"Kuanzia leo nyumba hii haina sukari. Si kwake yeye pekee. Kwetu sote."

Nyanya alikuwa ameketi kwenye kibao chake akikuna nazi. Aliacha kukuna.

"Na mgeni akija?"

"Atakunywa tunayokunywa."

"Asha, wataka watu waseme nyumba hii ina matanga?"

"Mama, kahawa twainywa chungu tangu jadi na haijamdhuru mtu. Chai nayo itazoeleka."

Nyanya alirudi kwenye nazi yake, akaikuna kwa kishindo hadi kifuu kikalia. Mimi sikuambiwa lolote. Nilidhani Mama ameghadhibika na jambo fulani, na kwamba ghadhabu ikipita, kopo litarudi.

Halikurudi. Asubuhi mahamri yalitoweka, mahali pake ukaja mkate wa mofa na samaki, au muhogo wa kuchemsha. Chai ilikuja na tangawizi na mdalasini vya kutosha kumtoa mtu machozi, lakini ulimi haukudanganyika. Kichwa kiliniuma. Nilitafuna iliki kavu darasani mpaka mwenzangu wa dawati akalalamika.

Lakini nyumba ndiyo iliyonishangaza. Hakuna aliyeweza kutulia. Ikifika saa kumi, saa yetu ya chai tangu nipate fahamu, ilikuwa kama kwamba kila mtu amepoteza kitu asichokijua jina. Mama alipangusa rafu aliyoipangusa adhuhuri. Nyanya alifungua sufuria akazifunika, akafungua tena, akachukua tasbihi akaiweka. Baba alitoka barazani, akaingia, akapanda juu, akachungulia dirishani, akashuka. Mwisho wake alinishika mkono tukatoka.

Tulitembea sana miezi ile. Tulipita ngome, tukaifuata njia ya ufuoni, tukarudi kwa upande wa sokoni, na Baba, ambaye zamani hakuweza kupita baraza mbili bila kusimama kuulizana habari na watu, sasa aliitikia salamu huku akienda.

"Baba, twaenda wapi?"

"Hatuendi popote. Twatembea tu."

Tukikaribia duka la halwa, mkono wake ulibana wangu hadi vidole vikaniuma, na hakuulegeza mpaka tumelipita. Siku moja alisimama kando ya duka lenyewe, akakitazama kiatu chake, akasema kana kwamba ananiuliza mimi, "Mchovya asali hachovyi mara moja. Sasa aliyekulia ndani ya mzinga atafanyaje?" Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Naye alicheka kidogo.

Baada ya muda, sisimizi wakaondoka. Nilisikitika. Mama kila asubuhi aliingia chooni, akakaa, akatoka na uso mwepesi. Kidonda kikaanza kukauka pembeni. Baba alianza tena kupiga mluzi akipanda ngazi, na Ramadhani ilikuwa ikikaribia, kila mtu akiuliza habari ya mwezi.

Ndipo asubuhi moja nikatoka chooni nimejaa furaha, nikawakuta wakinywa chai.

"Mama, wamerudi."

"Nani wamerudi?"

"Sisimizi."

Baba aliweka kikombe chini. Hakumtazama Mama; alitazama mlango. Mama alisema, "Haya, kunywa chai yako, utachelewa," na sauti yake ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba sikugundua kuwa yeye mwenyewe hakunywa tena.

Alasiri ile, Baba akiwa amebaki kazini kumalizia hesabu za mizigo, Mama alinichukua tukaenda Buxton kwa Bwana Mutua, rafikiye Baba wa kazini, mtu wa Ukambani aliyekuwa akija kwetu kila Idd na kuondoka na pakacha la vyakula. Mama hakukaa sana. Alimuuliza wazi: je, Baba akiwa kazini huwa anakunywa soda?

Bwana Mutua alijikuna kidevu. "Mama Rukia, soda tumeiacha pale ofisini sote. Tulionelea si vizuri kumnywea mwenzetu mbele ya macho yake. Tunakunywa maji tu, na wengine wananinung'unikia mimi, maana ndimi niliyeanzisha."

"Basi Mungu akulipe, Bwana Mutua."

"Kwani kuna neno?"

"Hakuna neno," alisema Mama.

Njiani aliniacha nyuma mara kwa mara, nikawa nakimbia kumfikia. Tulipoingia nyumbani hakupanda juu. Alibisha hodi chumbani kwa Nyanya, chumba ambacho Baba alikuwa akipitia kila jioni kumsalimia mamake kabla hajapanda ngazi. Nyanya alikuwa kitandani akivuta uradi. Juu ya meza palikuwa na sinia iliyofunikwa kwa kawa. Mama aliinua kawa. Kaimati zilikuwa zimepangwa vizuri, na shira ilikuwa bado inachuruzika na kunukia iliki. Tangu siku ile Mama alipolitoa kopo, sikuwa nimeona kitu kizuri kama kile.

Mama aliirudisha kawa mahali pake, taratibu.

"Mama, naomba uje nami juu."

"Juu nifuate nini? Na magoti haya?"

"Nitakushika."

Alimshika. Walipanda ngazi moja, wakapumzika, wakapanda nyingine, mimi nyuma yao nikibeba bakora. Mama alimpeleka moja kwa moja chooni, akawasha taa.

"Watazame."

"Ni sisimizi tu hawa, Asha."

"Wafuata sukari, Mama. Yatoka katika mkojo wa mwanao. Na sukari hiyo hiyo ndiyo yaula mguu wake. Daktari asema ikiendelea, watamkata."

Nyanya alishika mwimo wa mlango. Macho yake yalibaki sakafuni, na aliponena hakuwa akisema na yeyote kati yetu.

"Kwa babake pia walikuja. Nikiwamwagia majivu kila asubuhi. Nami nikimwona yuwakonda, nikizidi kumpikia. Mpaka siku aliyokata kauli alikuwa yuwala mkononi mwangu." Kisha akamgeukia Mama. "Hapana aliyenambia, Asha. Walisema ni jicho la watu."

Akakaa pale pale kwenye ngazi ya juu, na Mama akakaa kando yake. Aliivuta leso iliyokuwa imemwanguka begani, akamfunika. Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Baba alikatwa kidole. Mguu ukabaki, alhamdulillahi, na yeye yupo hadi leo, akitembea kwa kuchechemea kidogo na kuwasumbua vijana wa barazani kwa habari za kandanda. Ramadhani ile tulifuturu kwa tende na maji, muhogo wa nazi na samaki, na siku ya Idd mgeni mmoja wa kike alipoonja chai akauliza kwa sauti ya chini kama sukari imesahauliwa, Nyanya ndiye aliyemjibu, akimwongezea nyingine katika kikombe:

"Haikusahauliwa. Ndiyo chai yetu hii. Ukitaka shira, wapo wenyewe."

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kwa nini hakutwambia tangu mwanzo, hata mimi tu. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua kichwa. "Ningekwambia nini? Kwamba babako huenda akarudi kutoka hospitali bila mguu, au asirudi? Chai ile ungeinywaje?"

Wenzangu, miaka yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba kilichotuzungusha mle ndani, juu na chini, baraza na dirisha, kilikuwa hamu ya sukari. Ulimi wangu ulizoea kabla hata Idd haijafika. Ile haraka ya miguu haikuniondoka, na sasa najua niliambukizwa na watu wazima watatu, kila mmoja akiogopa peke yake ili wengine wasiogope. Nyanya alimwona mwanawe akipungua kama alivyopungua mumewe, akakimbilia dawa pekee aliyoijua. Baba alijua kaimati zile zingemdhuru, akazila, kwa kuwa hakuweza kuurudisha mkono wa mamake. Na Mama, aliyejua yote mawili, hakumtajia mtu habari ya sinia ile, si Baba, si jirani, si dada zake. Nyanya alifariki akiwa na heshima yake yote katika nyumba ile, na siku ya mazishi Mama ndiye aliyelia mpaka wakamshika.