Mbegu Zilizolala Kitandani

Chumba changu kiliitwa Dubai. Jina liliandikwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango, na mlango wenyewe ulifungwa kwa kamba. Cha jirani kiliitwa Bruxelles, na kile cha mwisho, chenye paa linalovuja, kiliitwa Kinshasa. Mwenye nyumba, mjane mnene mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, alinionyesha kitanda, ndoo ya maji na chandarua, kisha akanitajia sheria zake. Nguo hazifuliwi chumbani. Viatu vyenye matope vinabaki nje. Chakula hakiingii chumbani, kwa sababu ya panya. Hapo ndipo alipouona mfuko niliokuwa nimeukumbatia, ukichuruzika maji kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki.

“Hiyo ni nini?”

“Maharagi, Mama.”

“Maharagi inaendaka ku cuisine, fasi ya kupika. Hii shambre iko ya muntu.”

“Haiko ya kula. Ni mbegu.”

“Mbegu ao chakula, panya haiulizi.”

Nilikuwa nimelowa chapachapa, nina tope hadi kwenye nyusi, na sikuwa na hali ya kumbembeleza mtu. Nikamwambia kwamba maharage yakikataliwa na mimi nimekataliwa, tutalala wote barazani kwake. Akanitazama. Nadhani aliona kuwa sifanyi mzaha. “Bantu ba Masisi, muko na kichwa nguvu,” akasema, akaenda kuniletea taulo. Mimi nikaichukua ruhusa ambayo hakuitoa, nikaingia na mfuko wangu.

Mfuko ule ulikuwa wa mama yangu. Sisi ni watu wa Kibabi, upande wa Masisi, tunalima kilimani, na kwetu mwanamke hapandi maharage ya aina moja. Kila nyumba ina mchanganyiko wake. Mama alikuwa na mekundu makubwa yenye ladha, meusi madogo yanayovumilia mvua nyingi, yenye madoadoa kama mayai ya kware, na ya manjano yanayowahi kuiva wakati ghala limebaki na vumbi tu. Kila baada ya mavuno alikaa uani akachambua, akiongeza haya na kupunguza yale kulingana na mwaka ulivyokwenda. Alifundishwa na mama yake, na mimi nilianza kuchambua naye kabla sijajua kusoma.

Vita vilipotutoa Kibabi, watu walibeba magodoro, masufuria na mbuzi. Mama alibeba mbegu. Tulifika Mubi, mji wa barabarani katikati ya msitu, wenye maduka na pikipiki na malori ya wachimba madini, na watu walitucheka. Maharage hayapendi msitu. Joto linayachosha na unyevu unayaozesha. Mama akatafuta mteremko nyuma ya kanisa, mahali ambapo maji hayatuami, akapanda. Tulivuna kidogo, wakati mwingine kidogo cha kutia aibu, lakini kila mwaka tulipata mbegu ya mwaka unaofuata, na hatukuwahi kupika hata punje. Mama alipofariki hukohuko Mubi, nikaendelea mimi. Mchana niliuza chumvi na sabuni, jioni nikaenda kuwafukuza kuku wa watu kwenye mteremko wangu.

Halafu dada yangu mkubwa akarudi Kibabi. Akanipigia simu kuniambia kwamba nyumba haina mlango, lakini shamba lipo na ameshalilima. Majirani wetu wengi hawajarudi, na hao wachache waliorudi wamekuja mikono mitupu. Sokoni kuna maharage meupe ya aina moja ambayo hakuna anayejua yametoka wapi.

“Leta mbegu ya Mama,” akasema. “Miye nitakungoya, lakini mvula haitatungoya.”

Nikapanda pikipiki, mfuko mapajani, nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Tulipokaribia Walikale tukavuka kijito juu ya daraja la magogo, gogo moja likageuka, na sote tukaenda majini. Dereva aliwahi kushika pikipiki yake na mimi niliwahi kushika mfuko wangu, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Ndivyo nilivyofika kwenye nyumba ile ya wageni kando ya mto Lowa.

Maharage yaliyolowa hayana subira. Ukiyaacha mfukoni yanavimba, ngozi inapasuka, na baada ya hapo yanachipua gizani au yanaoza. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji yenye unyevu. Mahali pakavu palikuwa kitandani tu. Nikatandaza shuka vizuri, nikamwaga mbegu juu yake, nikazisambaza kwa viganja mpaka kila punje ikapata nafasi yake. Maharage yakalala kitanda cha Dubai, chini ya chandarua, na mimi nikalala kwenye mkeka.

Asubuhi Mama mwenye nyumba aliingia na ufagio. Shuka lake jeupe lilikuwa limekuwa na mabaka mekundu na ya zambarau, maana maharage yaliyolowa yanatoa rangi.

“Drap yangu! Yesu wangu, drap yangu!”

Alipiga kelele hadi wageni wengine wakatoka: wanunuzi wa madini waliokuwa Bruxelles, na dereva wa lori aliyekuwa akisubiri kipuri. Wakasimama mlangoni na miswaki yao mdomoni kutazama maharage yaliyolala kama mheshimiwa. Mmoja akauliza kama yamekwisha kuagiza chai. Wote wakacheka. Nikawaambia kwamba yule wanayemcheka ni mama yangu. Nikawaeleza kila kitu, kilima, mteremko wa Mubi, kaburi, shamba linalosubiri. Sikulia. Nilisema kwa hasira, kama mtu anayegombania mpaka wa shamba.

Mama mwenye nyumba aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akainama, akaokota punje moja ya madoadoa iliyoanguka, akairudisha kitandani. “Drap imekwisha kuharibika,” akasema. “Basi zibakie.” Baadaye aliniletea turubai, nikahamishia nusu ya mbegu barazani ili zipate upepo, maana kitandani zilikuwa zimebanana.

Siku zilizofuata nikaijua nyumba ile vizuri. Ilikuwa ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, kuta nene, baraza pana, paa lenye kutu, na inasemekana mkuu fulani wa posti, yaani kituo cha serikali yao, ndiye aliyeijenga ili apate kuutazama mto. Mji wenyewe una mambo ya kale ya namna hiyo hapa na pale, ngazi zisizoelekea popote, miembe iliyopandwa kwa mstari. Chini yetu Lowa ilipita ikiwa ya kahawia, na wanawake walishuka kufua wakisimuliana habari kwa sauti. Mimi sikuwa na muda wa kutazama mto. Kazi yangu ilikuwa kugeuza maharage. Mawingu yakija, navuta turubai ndani. Yakiondoka, nalirudisha nje. Wageni wakazoea. Hata yule wa utani alinisaidia kuvuta, na alipoita “Mama wa Masisi, mvula!” nilikimbia.

Jumapili nikaenda kanisani. Niliomba jua. Sikuomba kitu kingine chochote, nilimwambia Mungu kwamba mengine yote tutazungumza siku nyingine.

Niliporudi, turubai lilikuwa limekunjwa na baraza ni tupu. Nikasikia sauti ya Mama mwenye nyumba ikitoka jikoni, ya mtu anayetaka kusifiwa.

“Dada, kuya uone!”

Juu ya moto palikuwa na kichanja anachokaushia samaki. Watu wa msituni hukausha kila kitu hapo, samaki, nyama, uyoga, na nisingewalaumu, maana kwao jua ni mgeni. Samaki walikuwa wamewekwa pembeni. Nyungo zote za nyumba zilikuwa zimepangwa juu ya kichanja, zimejaa mbegu zangu. Mvua ilikuja nikiwa kanisani, akanionea huruma, akachochea kuni nzuri. Za kitandani hakuzigusa kwa sababu nyungo zilikwisha.

“Gusa,” akasema. “Iko kavu kabisa. Weye ulikuwa unateseka bure.”

Nikagusa. Zilikuwa kavu, za moto, zinanukia samaki. Kwetu mahindi ya mbegu tunayaning'iniza juu ya moshi, lakini mbali, yakiwa yamekauka tayari. Maharage yenye unyevu ukiyaweka juu ya moto wa samaki umeyapika.

“Umeziua,” nikamwambia.

“Kuua? Maharagi iko na roho?”

Nilitoka nikashuka hadi mtoni, na huko ndiko nilikolia, kwa sauti, mbele ya wanawake wanaofua, bila aibu yoyote. Nililia kifo cha Mama upya. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote, na nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa amefanya wema.

Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha Dubai. Hakuamini bado. Akaniuliza nimejuaje kwamba zimekufa, ikiwa kwa macho zinafanana na nyingine. Nikasema tutazijaribu. Akainuka, akavuta pindo la shuka lile lenye mabaka lililoning'inia kitandani, akalipasua mwenyewe kwa meno. Tukafunga punje za kitandani kwenye kitambaa kimoja na punje za motoni kwenye kingine, tukavilowesha, tukaviweka kwenye sahani mbili dirishani.

Asubuhi iliyofuata dada yangu akapiga simu. Kulikuwa na pikipiki zinazopanda kuelekea Masisi asubuhi ile, watu wengi wanakwenda pamoja, na njia ilikuwa salama. “Kuya na zile ziko,” akasema, “usingoye.” Nikamwambia siji kupanda kitu nisichokijua, na kwamba za kitandani bado zina unyevu wa kuoza njiani. Akakasirika, akakata simu. Nikaziangalia pikipiki zikiondoka, nikarudi kugeuza mbegu zangu.

Mama mwenye nyumba alilowesha vitambaa vile kwa uangalifu kuliko mimi. Nilimkuta mara nyingi akichungulia dirishani huku akijifanya anafuta vumbi. Siku tuliyovifungua, wageni wote walijaa Dubai. Kitambaa cha kwanza kilikuwa na vijimizizi vyeupe karibu kwenye kila punje, vimejikunja, vyenye nguvu. Kitambaa cha pili kilitoa harufu mbaya. Punje zilikuwa laini, zinateleza, na hakuna hata moja iliyochipua. Hakuna aliyetania. Mama mwenye nyumba alizigeuza moja moja kwa kidole, zote, akitafuta, kisha akafunika uso kwa kitenge.

“Unisamehe,” akasema. “Sikujua. Kweli, sikujua.”

Nikajikuta nasema kwamba zilizokufa zipikwe. Tangu tulipotoka Kibabi sikuwa nimeonja mbegu ile, na ladha yake nilikuwa nimeisahau. Alizichemsha na mafuta ya mawese, wageni wakala kwa sahani zilizojaa, na mnunuzi wa madini akasema hajawahi kula maharage matamu namna ile. Nami nikala. Mekundu yalikuwa matamu sana, Mama alikuwa amesema kweli. Mama mwenye nyumba hakuweza kumeza hata kijiko kimoja.

Mbegu za kitandani zilipokauka barabara nikazirudisha mfukoni. Mfuko ulikuwa nusu, umelegea, naweza kuubeba kwa mkono mmoja. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimeshaufunga nilipokumbuka jambo alilokuwa akifanya Mama kila msimu kabla ya kupanda. Alizunguka nyumba za majirani, akiwaachia kiganja kiganja cha mchanganyiko wake, hata wale waliokuwa wamegombana naye. Utotoni niliamini ni ukarimu. Siku moja aliniambia hapana, yeye si mkarimu hivyo. Anataka tu mbegu yake iwe na nyumba nyingine za kulala, ili siku ikimpotea ajue pa kwenda kuiomba. Vita vikaja vikawatawanya majirani wote kwa pamoja, na tukabaki na mfuko mmoja.

Nikaufungua mfuko. Kwa kweli mkono ulikuwa mzito. Nikachota viganja viwili, nikahakikisha kila rangi imo, hata ya manjano yaliyobaki machache, nikampa Mama mwenye nyumba. Alirudi nyuma, mikono mgongoni.

“Apana. Miye njo niliziua.”

“Kamata, Mama.”

Nikamwonyesha mteremko juu ya mto ambapo maji hayatuami, nikamweleza asubiri miezi ya mvua ndogo, achague bora kila mavuno, na asitegemee nyingi. Alisikiliza akichezesha midomo bila sauti, anayarudia maneno yangu. Kisha akazifunga kwenye kipande cha shuka lile lile na kuziweka kifuani.

Nilifika Kibabi nikiwa na maumivu ya mgongo na mfuko mwepesi. Dada alikuwa shambani. Hakunisalimu kwanza, alipima mfuko kwa mkono, akauliza nyingine ziko wapi. Nikamsimulia yote tukiwa tumesimama kwenye matuta yake. Kosa la moto dada alimsamehe mwenye nyumba, watu hukosea. Viganja viwili ndivyo vilivyomshinda.

“Ule mwenye aliunguza mbegu ya Mama? Juu ya nini ulimupatia tena?”

“Sababu ule hataziweka tena ku moto hata siku moja,” nikamwambia. “Na tukikimbia tena, tutapita kwake.”

Dada akatazama barabara inayoshuka kuelekea msituni. Kisha akachukua jembe, akafungua shimo la kwanza, akanyoosha mkono nimpe mbegu.