Mteremko wa Changarawe

Asubuhi moja niliondoka Grant Street, mtaa ninaoishi huku Marekani, kwa baiskeli bila kujua ninakwenda wapi. Nilipoupita mji jirani wa Lackawanna nikakuta njia ya changarawe isiyopitiwa na magari, nikaifuata. Manyunyu yakaanza, na harufu ya vumbi lililoloa ikanirudisha kwenye kilima cha kambi ya wakimbizi nilikokulia, Tanzania.

Baba alikuwa na baiskeli. Binti wa jirani, rika langu, alikuwa na hamu nayo. Tulikubaliana kwamba yeye ataisukuma kupanda kilima, na mimi nitampakia nyuma, kwenye keria, wakati wa kushuka. Alisukuma kiangazi kizima, huku mimi nimekaa kwenye kiti. Tukifika juu, namwambia ashuke kwa miguu.

“Leo keria imelegea.”

“Jana ulisema breki.”

“Breki imepona. Sasa keria ndiyo inaumwa.”

Nikateremka peke yangu, upepo ukijaa kwenye gauni. Yeye alinifuata mbio, peku juu ya changarawe, akicheka ili asilie.

Siku ya mwisho alishika usukani, akagoma kuuachia. “Kesho je?”

“Kesho utaendesha wewe, mimi nitakaa nyuma.”

“Haki ya Mungu?”

“Haki ya Mungu.”

Mabegi yetu yalikuwa yamefungwa chini ya kitanda. Basi la kutuanzishia safari ya Marekani lingekuja alfajiri, na mama alikuwa ametukataza kumwambia jirani yeyote, akiogopa husuda.

Aliisukuma baiskeli hadi mlangoni kwetu. Akachuchumaa, akaanza kuifuta vumbi kwa pindo la gauni lake, spoki moja baada ya nyingine.