Nilivyomtania Afande wa Alama za Vidole

Habari hii nimeificha muda mrefu, na hata leo naisimulia kwa sababu nimechoka kuulizwa kwa nini wenzangu wote niliosoma nao ustawi wa jamii wamemaliza chuo na mimi bado nabeba begi la mwanafunzi. Wengi nimewadanganya kwamba niliumwa. Sikuumwa. Niliponzwa na mdomo, tena mbele ya foleni ya watu, na baadhi ya watu wa ile foleni nawajua na wananijua, kwa hiyo bora niseme mwenyewe kuliko mje kuisikia kwao ikiwa imetiwa chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji chumvi).

Naitwa Aika. Kwetu ni Machame, lakini nimekulia hapa hapa Kariakoo, mama yangu ana duka la sufuria na mabeseni Mtaa wa Kongo, na mlango wa pili yake yupo Mzee Mshana, Mpare, muuza viatu vya shule. Sasa Mchaga na Mpare ni watani, na kwetu utani si mchezo wa kupitisha muda, ni kazi kabisa. Mzee Mshana hajawahi kumsalimia mama yangu kistaarabu tangu nipate akili. Asubuhi akipita anauliza, "Nyie wezi mmeamkaje?" na mama anamjibu bila kuinua macho, "Salama, tunasubiri ufe tugawane viatu." Babu yangu alipofariki, Mzee Mshana alisafiri nasi mpaka Machame, akashuka kwenye kaburi lililochimbwa akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na shangazi zangu waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka huku machozi yanawatoka. Hivyo ndivyo nilivyokua. Na kitu nilichojifunza kwa hawa wazee ni kwamba mtani hodari hacheki. Anakukazia macho, uso mkavu, anakuuliza maswali kama hakimu, na wewe unazidi kumwaga. Hicho ndicho kilichoniua.

Mwaka wa mwisho tunapelekwa fildi, yaani mafunzo kazini, na mimi nilipangiwa kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu kule Kigamboni, watoto ambao wengi wao hawawezi kusema. Kituo kilikuwa na sharti moja tu: mwanafunzi haingii getini bila cheti cha tabia njema, ile karatasi ya polisi inayothibitisha kwamba wamepima alama za vidole vyako na hujakutwa na kosa. Chuo nacho kilikuwa na la kwake: usiporipoti fildi wiki ya kwanza, fildi imekupita, na fildi ikikupita unarudia mwaka. Tulilalamika sana darasani. Mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote, nikasema hivi kweli mtu mzima unaenda kufuta watoto udenda halafu unapimwa vidole kama jambazi (nikikumbuka maneno hayo sasa hivi najionea aibu). Na nyumbani mama alikuwa ameshawatangazia wateja wote, hata wale wa mikoani wanaokuja mara moja moja kufunga mzigo, kwamba mwanangu anamaliza mwaka huu.

Basi nikaenda mjini, Posta, kwenye ofisi ya alama za vidole, nikiwa na barua ya chuo, barua ya serikali ya mtaa, picha ndogo za pasipoti, kila kitu. Foleni ilikuwa imezunguka mpaka kwenye ngazi. Kulikuwa na wanafunzi wenzangu, kulikuwa na madereva wanaotafuta kazi nje, kulikuwa na mabinti wanaoenda Uarabuni, joto, feni moja, na mimi nilikuwa nimeondoka bila chai. Nilisimama mpaka miguu ikanivimba. Nilipofika dirishani nikamkuta afande kijana, amenyooka, mbele yake kompyuta, na kifuani kibao cha jina: Mbwambo.

Nisikilizeni, mimi nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akiona ndugu anafurahi. Mbwambo ni jina la Kipare. Nikajisemea, afadhali, huyu ni wangu.

Akaniuliza jina, akaandika. Akaniuliza kabila la baba, nikamwambia Mchaga, akaandika. Halafu akauliza, "Umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote?"

Jibu lilikuwa hapana. Neno moja tu. Mimi nikamwambia, "Nimewahi, afande. Mpare mmoja alinishtaki kesi ya kuku, akauza ng'ombe kumlipa wakili."

Nyuma yangu watu wakacheka. Afande hakucheka. Akagonga gonga kwenye kompyuta, akaniangalia na uso mkavu, akauliza, "Ilikuwa mwaka gani?"

Nikasema moyoni, huyu kijana kaiva. Kafundishwa na wazee. Nikamjibu, "Mwaka ule mliokosa makande."

"Mkoa gani?"

"Kilimanjaro, huko huko kwenu Same."

"Ulitiwa hatiani?"

"Nilifungwa kabisa," nikasema, na hapo foleni nzima ilikuwa inanisikiliza na mimi nikajiona msanii, nikaegemea dirisha, "nikatoroka, nikarudi usiku nikachukua na ng'ombe waliobaki."

Watu wakaangua kicheko mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Mimi nilikuwa nasubiri zamu ya Mbwambo anipige la kwake, la Wachaga tunavyofufuka tukisikia sarafu imedondoka, nicheke, anichukue vidole, niende zangu. Badala yake akamaliza kuandika, akavuta kiti nyuma, akasema taratibu, "Dada, kaa pale kwenye benchi. Hili siwezi mimi, linaenda kwa mkubwa."

Nikamwambia, "Mtani, acha basi."

"Mtani nani?"

"Wewe si Mpare?"

"Mpare ni baba," akasema. "Mimi nimezaliwa Temeke. Nimekuuliza umefungwa, umesema umefungwa."

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nikamwomba afute, akasema akishaingiza hawezi kufuta, mwenye uwezo huo ni Inspekta peke yake. Msichana mmoja wa darasani kwetu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikaenda kukaa kwenye benchi, na kila aliyehudumiwa akitoka ananipita ananiangalia, mmoja wa wale madereva akanong'ona kwa mwenzake, "Ndiye huyo wa ng'ombe."

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mezani ana chai iliyopoa na rundo la mafaili. Nikampigia magoti nusu, "Shikamoo afande." Akaitikia marahaba, akasoma kwenye skrini, akanisikiliza nikieleza habari ya utani, akapumua. Akasema yeye utani anaujua, kwao Kigoma pia upo, lakini maelezo ya mtu mwenyewe kwamba aliwahi kufungwa hayafutwi kwa mtu huyo huyo kusema alikuwa anatania. "Nipatie mtu mzima anayekufahamu," akasema, "aje aniambie wewe ni nani. Nikiridhika nitalifuta, tunaendelea na vidole."

Mngekuwa nyinyi mngemwita nani? Nilimpigia mama. Mama siku hiyo alikuwa ameshushiwa mzigo, mabeseni yamejaa mpaka barabarani, hawezi kuacha duka. Akasema, "Usijali, mwanangu, namtuma mtu sasa hivi." Simu ikakatika kabla sijamuuliza ni nani, na mimi kwa uchovu sikupiga tena.

Alikuja Mzee Mshana. Alikuja na bodaboda, jasho linamtiririka, amevaa koti lake la harusini kwa heshima ya serikali. Wakati anapita pale dirishani nikamwona anasoma kibao cha Mbwambo, akatabasamu. Nilijaribu kumkonyeza. Akadhani namsalimia.

"Mzee, unamfahamu binti huyu?" Inspekta akamuuliza.

"Namfahamu sana," akasema Mzee Mshana, na akakaa vizuri kwenye kiti, uso mkavu kabisa, ule ule ninaoujua. "Huyu Mchaga. Ukiona anasali, ujue anahesabu sadaka."

"Mzee, naomba tuwe makini. Ana tabia mbaya yoyote unayoijua?"

"Moja? Wizi kaurithi, mama yake ndiye mkuu wao pale mtaani. Mmefanya vizuri kumkamata. Mumfunge, tupumzike."

Alikuwa ananipenda, hilo muelewe. Katika akili yake mtani akisema mazuri yako mbele za watu amekutupa. Nikamwambia, "Mzee, wanaandika," na sauti ikanitoka vibaya, na hapo ndipo aliponitazama usoni akaona nalia. Sijawahi kumwona mzee yule akibadilika rangi namna ile. Akasimama. Akasema, "Hapana, afande, samahani. Huyu binti nimemwona tangu anazaliwa. Nimembeba mgongoni mwangu. Hajawahi hata kuchukua pipi ya mtu."

Inspekta akaweka kalamu chini. Hakukasirika, na ningefurahi angekasirika. Akasema, "Sasa mzee wangu, nishike maneno yapi? Ya kwanza au ya pili?"

Mzee Mshana akarudi kitini taratibu.

Vidole vyangu walichukua, lakini ombi likawekewa alama ya uchunguzi zaidi. Maana yake waliandika kwenda Same na kwenda Hai, wilaya ya kwetu Machame, kuuliza kama kuna kesi yenye jina langu, na barua za aina hiyo haziendi kwa pikipiki. Tulirudi Kariakoo kwa miguu, mimi na Mzee Mshana. Mama alipotuona akaweka chini beseni alilokuwa anafuta vumbi.

Jumatatu nilivuka kwa pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni hivyo hivyo, mikono mitupu, nikijipa moyo kwamba nikimweleza mlezi mkuu wa kituo ataelewa, kwani nani haelewi utani katika nchi hii. Alikuja mwenyewe getini, mama mnene mwenye kilemba na aproni, akanisikiliza yote. Nikamsimulia kuku, nikamsimulia ng'ombe, nikamsimulia na Mzee Mshana, nikicheka kidogo ili na yeye acheke. Ndani nilikuwa nasikia watoto, mmoja alikuwa anapiga sahani na kijiko.

Akasema, "Punguza sauti, mwanangu."

Nikapunguza.

"Alikuja kijana hapa kabla yako," akasema. "Wa kujitolea. Mcheshi sana. Watoto anawachekesha, walinzi anawachekesha, mimi mwenyewe alikuwa ananichekesha. Nikaona aibu kumwomba karatasi mtu mwema kama yule. Kuna mtoto wangu hapa kituoni, kijana yule alimfanyia ubaya kwa muda mrefu, na mtoto yule hasemi, angemwambia nani. Tulikuja kujua baadaye kwamba hiyo haikuwa mara yake ya kwanza, na polisi walikuwa naye kwenye kumbukumbu siku zote hizo." Akageuka kutazama ndani. "Mpaka leo yule mtoto akisikia mtu mzima anacheka nje, anaingia chini ya kitanda. Sasa hivi yuko huko."

Akafunga geti polepole, bila kulibamiza.

Nilikaa kwenye kituo cha bajaji sijui kwa muda gani. Wiki yote niliyokuwa nikilia nilikuwa najililia mimi, mwaka wangu, aibu yangu kwenye foleni, mama yangu atawaambia nini wateja. Sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba lile swali la afande halikuwa langu. Lilikuwa la yule mtoto, yeye ndiye aliyekuwa anauliza, na mimi nilimjibu kwa kumchekesha dereva aliyekuwa kwenye foleni.

Cheti kilitoka wiki nyingi baadaye, safi, sina kosa lolote, na mwaka ule hakikunisaidia chochote. Fildi ilikuwa imenipita, nikarudia mwaka, wenzangu wakavaa majoho na mimi nikaenda kuwapigia picha. Mama aliwaambia wateja kwamba chuo kimeongeza masomo.

Mwaka huu nimeomba kituo kile kile, wamenipokea. Utani na Mpare wangu bado naufanya, siwezi kuuacha, ila mtu aliyekaa na kalamu akiniuliza jambo namjibu aliloniuliza, nafunga mdomo, na mkiniona nimenuna kwenye maofisi msidhani naringa. Yule mtoto ni wa kike, ana nywele nyingi, anapenda kugusa vifungo vya nguo. Siku yangu ya kwanza nilisahau, mpishi akasema jambo la kuchekesha jikoni na mimi nikacheka kwa sauti, nikasikia kitanda kinasogea chumba cha pili. Nilienda nikakaa sakafuni pembeni ya kile kitanda mpaka chakula kikapoa. Hakutoka, na sikumlaumu.