Feierabend Katika Duka la Baba

Baba yangu ni fundi wa nguo hapa mjini Eldoret, na ni Msabato asiyetaka mchezo. Ijumaa, jua likianza kushuka, cherehani inanyamaza hata kama sindano iko katikati ya mshono. Mimi ni nesi. Najifunza Kijerumani ili niende kufanya kazi Ujerumani, na mchana hukaa dukani kwake nikikariri maneno.

Ijumaa moja nilikuwa kwenye neno Feierabend. Ni maneno mawili yameshikanishwa: Feier ni sherehe, Abend ni jioni. Siku hizi Mjerumani akilisema anamaanisha tu kazi imeisha, watu waende nyumbani. Lakini zamani sana, mwalimu wetu wa Kijerumani alitueleza, ilikuwa jioni ya kuamkia sikukuu, mafundi wakiweka vifaa chini wajiandae kwa siku takatifu. Wee! Si huyu hapa ni baba yangu?

Kabla sijamwambia, akaingia mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu. Sare za shule yake, kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, zilikuwa zimebaki kidogo tu ziishe.

"Mzee, nazitaka leo. Shona mpaka ziishe."

"Mwalimu, tulipatana Jumatatu. Sasa jua linatua. Jumapili nitaamka mapema nimalize."

"Basi napelekea fundi mwingine. Na za mwaka ujao usingoje."

Baba alikunja kitambaa kilichobaki, akakiweka juu ya sare zilizokwisha, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Sawa, Mwalimu. Sabato njema."

Alipoondoka nikamsimulia baba lile neno na ukoo wake wote. Alisikiliza huku akifunga madirisha.

"Kwa hivyo walikuwa wanafunga kazi Ijumaa?"

"Jumamosi, Baba. Walikuwa wanaamkia Jumapili."

"Aii! Basi walikosea siku!" Akacheka mpaka akashika mlango.

Kazi ya mwaka mzima ilikuwa imetoka kwa mlango huo huo, na mzee wangu anacheka. Nilimwonea fahari.

"Na siku hizi hawaombi?" akauliza.

"Wengi wanapumzika tu, Baba."

Akafunga kufuli, akaitingisha kuona kama imeshika.

"Ukifika huko, waambie unajua mtu bado anafanya ile ya zamani."

Nitawaambia, hata wasiponiuliza.