Mafuta ya difu niliyaleta mimi, lawama akabeba fundi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya siku nyingi. Nasoma nyuzi zenu za magari, nacheka, napita. Leo zamu yangu. Sitaongeza chumvi, maana kisa chenyewe kilivyo kinaniaibisha vya kutosha.

Kiswahili changu nimejitahidi kukinyoosha ili tuelewane. Ila watu wa huku wakizungumza nitawaacha wazungumze cha kwetu, mtawaelewa tu.

Nina gari ya mbio. Turbo, manual, inavuta matairi yote manne, imetoka Japan na usukani wake kulia. Aina yake sitaitaja. Nawajua nyinyi, mtaacha kisa changu muanze kugombania kampuni ipi ni bora.

Hiyo gari niliipenda kupita kiasi. Mke wangu alikuwa anasema watoto wetu hawajawahi kuogeshwa na mimi vile ninavyoiosha ile gari. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Fundi wangu alikuwa Papa Kabulo. Gereji yake ilikuwa Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, uwanja tu, ukuta wa matofali upande mmoja na mabati juu. Ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, baba yake alifanya kazi ya reli, na yeye alianza kushika spana kwenye karakana ya reli akiwa bado mdogo. Mkatoliki wa misa ya kwanza kila Jumapili. Kwa miaka sita hakuna mkono mwingine uliogusa gari yangu.

Niwaeleze kwanza anavyobadilisha mafuta ya giaboksi, sisi tunaita boîte, na ya difu, maana kisa chote kiko hapo.

Mzee hafungui kizibo cha chini kabla ya kufungua cha juu. Sisi kizibo tunaita bouchon. Anasema ukimwaga mafuta halafu bouchon ya juu ikakataa kufunguka, gari imelala hapo hapo na huna pa kuyarudishia.

Ya chini ina sumaku. Anaifuta kwa kitambaa cheupe, anakuita uone unga wa chuma.

"Angalia, iko unga tu, iko muzuri. Ukiona bipande, njo unaanza kulia."

Halafu anafunga kwa washa mpya ya shaba, sisi tunaita rondelle. Ile ya zamani hairudishi hata umwombe vipi. Anajaza hadi mafuta yaanze kutiririka kwenye tundu la juu, ndipo anafunga.

Na ana sharti moja: mafuta ya kidumu hatii. Anataka chupa yenye jina. Mafuta ya kidumu, anasema, hajui baba yao.

Sasa, siku ya kubadilisha ilifika. Difu ya nyuma ya gari yangu ni ile ya limited slip, inataka mafuta yake maalumu. Papa Kabulo aliniandikia aina kwenye kipande cha karatasi. Nikazunguka maduka ya katikati ya mji, hakuna. Muuzaji mmoja akaniambia mzigo unakuja kupitia mpaka wa Kasumbalesa, labda baada ya wiki mbili.

Nikampelekea mzee habari.

"Ngoya, Fiston. Posho mbili haiko mingi. Iache ku nyumba ipumuzike." Posho kwetu ni wiki.

Ngojea wapi! Jumapili ile klabu yetu ya magari ilikuwa na safari ya kwenda Likasi, msafara mzima, na mimi nilikuwa nimeshajigamba kwenye kundi la WhatsApp kwamba nitakaa mbele. Mdomo wangu huwa unatangulia kichwa changu.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu. Anafanya kazi mine, yaani mgodini, kwenye karakana ya mashine kubwa.

Wakuu ambao hamjaishi huku, nieleweni kidogo. Kwetu kitu kikitoka mine kinaheshimiwa. Viatu vya mine, glovu za mine, kamba ya mine, hata sabuni. Mtu akikuambia "hii ilitoka mine" hata humuulizi swali la pili. Tumelelewa na imani hiyo, babu zetu walikula kwa mine.

Shemeji akaniletea kidumu cha njano kimejaa.

"Hii banatia mu camion ya tani mia. Kamotoka kako katalalamika nini?"

Niliona ana akili kama profesa.

Lakini Papa Kabulo asingekubali kidumu. Kwa hiyo nikaenda kwa rafiki wa klabu aliyekuwa na chupa tupu za aina ile ile niliyoandikiwa. Nikaziosha, nikazikausha juani, nikazijaza mafuta ya mine kwa faneli, nikazifunga. Nilifanya hivyo barazani kwangu, mchana kweupe, huku napiga mluzi. Mpaka leo nikikumbuka ule mluzi nataka kujipiga kofi.

Jumamosi asubuhi nikafika gereji. Mzee akafurahi kuziona chupa.

"Ulipata?"

"Nilipata, papa."

Akaigeuza moja. "Juu ya nini iko wazi?"

"Nilifunguaka kwa kuangalia rangi."

Akamwaga tone kiganjani, akalisugua kwa kidole, akanusa. Mafuta halisi ya difu yananuka, wakuu, harufu inakaa mkononi hadi kesho yake.

"Harufu yake iko kidogo," akasema.

"Papa, hii ni ya mupya. Sasa banaondosha ile harufu."

Akaniangalia. Halafu akacheka.

"Basi mi njo niko nazeeka."

Akalala chini ya gari akafanya kazi yake kama siku zote.

Jumapili tukatoka. Mwanzo safi kabisa, niko mbele nilivyojigamba. Tulipopita nusu ya njia nikaanza kusikia mlio nyuma, mwembamba, unapanda nikikanyaga na kushuka nikiachia. Nikaongeza muziki. Ndiyo, mmesoma sawa, niliongeza muziki.

Kisha harufu ya kuungua. Kisha kishindo. Magurudumu ya nyuma yakakaza, gari ikaserereka hadi pembeni ya lami. Mungu alisaidia hakuna aliyeumia. Msafara wote ukasimama, simu zikatoka mifukoni, na mtu akauliza: nani aliigusa mara ya mwisho?

Nikashika simu nikatuma sauti kwenye kundi. Nilisema Papa Kabulo wa Kampemba ameniulia gari, hakufunga bouchon, mafuta yote yamemwagika njiani, msimpelekee magari yenu.

Chini ya gari sikuwa nimeinama hata kuangalia.

Tulikuwa bado njiani kurudi Lubumbashi, gari imepakiwa kwenye lori, wakati ile sauti iliponirudia, nimetumiwa na binamu yangu ambaye hana hata baiskeli.

Mjue kwamba siku ile niliamini nilichosema. Mafuta ya mine yakosee? Haiwezekani. Basi aliyekosea ni mtu.

Jumatatu Papa Kabulo akaja hadi kwenye lango langu, kofia mkononi.

"Fiston, leta motoka nifungue, tuone shiye wote mbili."

Nikamjibu majirani wakisikia: "Ulishafungua ya kutosha."

Akavaa kofia akaondoka. Mzee wa umri wa baba yangu.

Gari nikaipeleka kwa fundi mwingine mjini. Baada ya siku chache akaniita. Alikuwa ameweka vitu vyote mezani.

"Bouchon ilikuwa imekaza muzuri. Rondelle ni mupya. Mafuta ilikuwa imejaa mpaka juu. Mwenye alifunga hapa anajua kazi."

Kisha akachovya kidole, akanusa.

"Lakini hii mafuta ni nani aliweka? Ni ya mamashini ya mine. Haina dawa yenye kuchunga meno ya difu. Angalia, yamekulana yote."

Nikasema, "Sijui."

Tangu siku ile najua, wakuu. Sikuwa tena mtu aliyekosea, nilikuwa mwongo. Na nilikaa hivyo miezi tisa.

Nilijiambia namlinda shemeji asifukuzwe kazi. Si kweli, jina lake nisingelazimika hata kulitaja. Nilikuwa najilinda mimi, ile picha yangu kwenye kundi, Fiston anayejua magari.

Gereji ya Kampemba ikaanza kukauka. Nilikuwa napita pale kwa makusudi. Kwanza niliona gari mbili, halafu moja, halafu uwanja mtupu, halafu siku moja hata mabati yametolewa. Nikasikia amehamia Kambove, mbele ya Likasi, kwa mdogo wake, anaziba matairi ya pikipiki za wachimbaji.

Kwenye kundi jina lake likageuka utani. Gari ya mtu ikiharibika wanaandika: "Ilipita kwa Kabulo nini?" Mwezi uliopita mtu aliandika hivyo tena, na mimi nikabonyeza uso wa kucheka kabla hata sijafikiri. Kidole changu mwenyewe. Nikauangalia ule uso wa njano kwenye simu, nikauondoa.

Jumamosi nikapanda gari ya abiria hadi Kambove.

Nilimkuta mbele ya nyumba ya matofali mabichi, amechovya mpira wa pikipiki kwenye beseni, anatafuta tundu. Yeye ndiye aliyenisalimu kwanza.

"Fiston! Batoto beko bazima?"

Mke wake, Mama Adèle, akanitolea kiti na maji, akarudi ndani. Mzee akaniuliza gari inaendeleaje. Aliuliza kwa wema kabisa. Ningependa angenitukana.

Kiti sikukikalia. Nikasema yote nimesimama: kidumu, chupa, ile rangi, ile harufu, fundi wa mjini, miezi tisa.

Hakupiga kelele. Aliutoa mpira majini, akapangusa mikono taratibu.

"Bouchon nilifunga?"

"Ulifunga, papa."

"Na rondelle ya mupya?"

"Ya mupya. Na mafuta ilikuwa imejaa."

Pikipiki mbili za wachimbaji zikapita na mifuko ya mawe, vumbi likatuzunguka.

"Unajua," akasema, "ile bouchon niko naifungaka kila siku mu kichwa. Mu misa, ku kitanda, fasi yote. Najiuliza, Kabulo, ulifunga ao haukufunga? Mpaka sikukumbuke tena. Njo nikaacha kazi ya maboîte na madifu. Muntu alinileteaka camion yake hapa, nikamuambia mi sijue ile kazi. Niliona hii mikono haiko ya kuaminia tena."

Akaiangalia mikono yake.

Wakuu, mimi nilidhani nimemnyang'anya wateja. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi ya wateja. Kumbe nilimfanya mtu aliyeshika spana maisha yake yote aamini kwamba hajui kufunga kizibo.

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo.

Yeye hakulia. Aligeuka akaita kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kumsikia nayo:

"Mama Adèle! Kuya! Kuya usikie!"

Mama akatoka na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Sema tena," mzee akaniambia.

Nikasema tena, kuanzia kidumu. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Mama Adèle alikuwa ananiangalia usoni. Nilipofika kwenye bouchon, mzee akanikatiza.

"Unasikia, mama? Nilifunga."

"Nilikuambiaka," Mama Adèle akasema. "Kila siku nilikuambiaka. Ukanikatalia." Kisha akanigeukia. "Na bale bengine, utabaambia siku gani?"

Nikatoa simu pale pale, nikatuma sauti kwenye kundi, wote wawili wakisikiliza. Kila neno.

Nilipoondoka hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Kurudi Kampemba pia amesema ataona.

Sasa sikilizeni jambo linalonikosesha raha hadi leo. Ile sauti ya kwanza ilizunguka Lubumbashi yote kabla sijafika nyumbani. Hii ya pili ina wiki tatu. Watu wachache waliweka dole gumba, mmoja akaandika "hiyo ni ya zamani, mkubwa, sahau." Binamu yangu nilimuuliza, hajaipata. Imekaa pale pale nilipoiweka.

Funzo nililopata ni hili. Difu na giaboksi vitieni mafuta viliyoandikiwa, na kama hayapo, gari ikae. Mafuta hayawi bora kwa sababu yametoka kwenye mashine kubwa. Na kabla hamjamlaumu fundi, fungueni pamoja naye, macho yenu nyote yakiwa pale. Kwangu mzee alikuja hadi langoni kuniomba hilo tu.

Nipeni maoni, na matusi pia nitayasoma, nayastahili. Aliyewahi kumharibia mtu jina na akafaulu kulirudisha, aniambie alifanyaje, kwa sababu mimi sijui niongeze nini.

Na walioko Lubumbashi, Likasi au Kambove: kama ile sauti ya kwanza bado iko kwenye simu yako, ifute, umtumie uzi huu aliyekutumia. Mwambie bouchon ilifungwa. Papa Kabulo alifunga.