Aliyemwita Mwanangu kwa Sauti Yangu

Kabla hujanikunjia pua, jua kwamba mimi si mtu wa mapepo. Wanaoona majini kila kona huwa nawacheka, na wengi wao ni wavivu tu waliokosa kazi. Haya ninayokusimulia yalinipata mchana, watu wameshiba sikukuu, hapa hapa Msamala, Songea. Ukitaka kubisha, kabishane na mume wako.

Miaka ile ya ruksa, vitu vya kila aina vilipoanza kuingia madukani, mume wangu alileta miksa ya muziki kutoka Dar es Salaam. Aliipakata njia nzima kwenye basi, yeye ambaye mtoto wake hakuwahi kumbeba hata kutoka sokoni. Akajipachika na jina, DJ Radi. Radi gani? Mtu alikuwa anaogopa mende.

Miksa hiyo ilikuwa na eko. Kitufe kimoja cha kuzungusha kinaamua sauti ichelewe kiasi gani kurudi, kingine irudi mara ngapi. Mwenye akili angeitia kidogo, kama chumvi. Yeye alizungusha vyote mpaka mwisho. Akitangaza kandambili iliyookotwa, basi ni kandambili-mbili-mbili-mbili, mpaka tumbo linakuuma. Na watu wakamsifia, walimu na makarani waliohamia kutoka mikoa ya mbali wakiwa mstari wa mbele. Walisoma wote, lakini kelele ikirudiwa mara tano wanaona ni ufundi.

Sasa nielewe hapa. Kwetu Madaba tulifundishwa tangu wadogo: ukiitwa na mtu usiyemwona, nyamaza mpaka uitwe mara tatu. Hao wasio watu huita mara moja tu, hawana pumzi ya kurudia. Mdogo wangu wa kiume aliitika mara ya kwanza, jioni moja tukipukuchua mahindi. Akasema "naam", akatoka kuangalia, hakukuwa na mtu. Homa ikamshika na hakuinuka tena kitandani mpaka tukamzika. Kwa hiyo binti yangu nilimfundisha hivyo hivyo, na DJ Radi akaniita mshamba.

Siku ya pili ya Krismasi tulipiga disko toto kwenye ukumbi mmoja wa kukodi. Mvua ilikuwa inanyesha, ukumbi umejaa watoto na gauni zao za sikukuu. Bwana mkubwa alikuwa barazani anawaonyesha wanawake koti lake la ngozi, mimi ndiye nimeachiwa miksa, kama kawaida. Binti yangu, ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza, alikuwa anacheza katikati ya wenzake. Pale nilipokaa nyuma ya spika hakuweza kuniona. Deki nayo ilikuwa inarekodi, maana kila disko yule mtu alilitia kwenye kanda akauza.

Nilipopunguza muziki nibadilishe wimbo, akaja mama mmoja mezani. Doti mpya ya kitenge, viatu vya kisigino. Alionekana kunizidi umri, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikajisemea, haya ndiyo maringo ya wake za wakubwa, wanadhani salamu yetu itawachafulia nguo. Akanyoosha mkono akitaka maiki. Wazazi waliiomba kila mara wawaite watoto wao, nikampa.

Akaita jina la binti yangu. Niamini au usiniamini, mdomo wake niliuona ukifunguka, karibu kabisa nami, na pale mezani sikusikia kitu. Sauti ilitoka kwenye spika peke yake, na ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu, na hiki kikwaruzo cha koo nilichozaliwa nacho. Nilijishika shingo nihakikishe si mimi niliyesema.

Halafu eko ikarudisha, mara ya pili, safi kabisa. Kitu kisicho na pumzi ya kurudia, mume wangu alikuwa amekiwekea mashine ya kukirudishia! Binti yangu akaacha kucheza, akageuka kuelekea kwenye spika, mdomo umeanza kufunguka. Alikuwa anangoja ya tatu, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Nikang'oa waya wa umeme wa miksa ukutani. Spika zikakatika, watoto wakaanza kunizomea.

Yule mama akaiweka maiki mezani taratibu, akaelekea mlango wa nyuma. Mlango huo ulikuwa umezibwa kwa kreti tupu za bia kutoka chini hadi juu. Kreti hazikusogea, na yeye hakuwepo tena. Nieleze basi, wewe unayejua kila kitu.

Binti akanijia anahema. "Mama, mbona umeniita mara mbili tu? Nilikuwa nangoja ya tatu ndiyo niseme abee."

Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimekusikia mwenyewe kule barazani," akasema. "Umemwita mtoto wako, halafu unajitisha. Twende nyumbani tuisikilize kanda, uone aibu yako." Na kweli kesho yake akaitia kwenye deki sebuleni, mtoto yuko uani anaosha vyombo. Kanda ikiita, hiyo ndiyo ya tatu; nikachukua mchi, nikaivunja deki na kanda yake kabla hajabonyeza. Kumbe mpumbavu usiku ule ule aliipeleka ikanakiliwe kwenye kibanda cha rafiki yake, na nakala nyingine zilishauzwa. Nilimfukuza na koti lake. Kanda nilizozipata nilizichoma, zilizobaki sijui ziko kwa nani.

Tangu siku ile sijamwita mwanangu kwa jina lake. Ya tatu bado, na sauti ni hii yangu, nitajuaje kwamba si mimi nitakayeikamilisha? Nampigia makofi, namtuma jirani, namfuata nimguse bega. Majirani wakasema simpendi mtoto. Waache waseme, midomo ni yao na kazi hawana.

Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Mbesa. Majuzi alinipigia simu jioni, sauti imelegea. "Mama, wenzangu wote wanaitwa na mama zao. Niite hata mara moja tu. Sitaitika, nitasikiliza tu."

Nilijiziba mdomo kwa kiganja, machozi yananitoka, mpaka vocha yake ikaisha.

Na nasikia vijana wa mjini sasa wanazitoa kanda za zamani na kuziingiza kwenye simu, wapate cha kurushiana. Hawana hata akili ya kuuliza zilitoka wapi. Ukiipata ya disko toto la Msamala, pale muziki unapopungua na mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza anaanza kuita, zima. Usingoje usikie jina. Wewe utacheka, utamrushia mwenzako, naye mwenzake mpaka ifike Mbesa, utalala usingizi wako. Atakayeitika ni mwanangu.